Pumu Tuliyoificha

Wiki mbili kabla ya harusi yangu shangazi alinivuta kando, nyuma ya nyumba yetu ya Katandala, akaniambia upande wa mume umeuliza kama ukoo wetu una ugonjwa wa kurithi. Mshenga alishajibiwa kwamba hakuna. "Kwa hiyo na wewe huna," akasema. "Ukishazaa wawili watatu, waambie unachotaka. Nani atakurudisha?"

Nilikuwa na pumu tangu darasa la pili. Shangazi alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana yeye ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni kunipeleka hospitali mama akiwa shambani. Hakuwa na nia mbaya. Kwetu watu wanaogopa kuitwa wagonjwa kuliko wanavyoogopa kuugua, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeshapimwa gauni. Ningependa kuandika kwamba nilisitasita, lakini sikusitasita hata kidogo.

Wakwe zangu wanakaa kijijini, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka mjini, na ni watu wa mahindi na ulezi. Mwenye pumu akitaka kumjua adui yake, akasimame kwenye uwanja wa kupuria ulezi mwezi wa sita. Asubuhi baridi inakata pua, halafu masuke yanaanza kupigwa fimbo na vumbi lake jembamba linapanda, linawasha shingoni, linashuka hadi mapafuni. Mkwe mpya hakai pembeni kwenye kazi ile. Mama mkwe alinichagulia fimbo yeye mwenyewe, nyepesi na iliyonyooka, kwa upendo kabisa. Nikapura. Kila kifua kilipobana nilisingizia choo, nikaenda kuvuta pampu niliyoifunga kwenye pindo la kitenge, nikarudi nikicheka na wenzangu. Safari za choo zilipozidi, mama mkwe akaamua nina tumbo baya, akanichemshia mizizi michungu. Niliinywa ile mizizi misimu mitatu, na tumbo langu halijawahi kuwa na shida yoyote.

Mume wangu alijua mwaka ule ule wa kwanza, kwa sababu huwezi kumficha mtu mnayelala chumba kimoja. Alikasirika siku nzima, kisha akasema, "Basi tusimwambie mama. Ataona tulimdanganya." Tukawa wawili wa kuficha.

Binti yetu alipofika miaka mitano akaanza kukohoa, kikohozi kikavu ambacho sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Daktari wa mjini alitupa pampu mbili: ya bluu ya kufungua kifua kikibana, na ya kahawia ya kuvuta kila asubuhi na kila jioni, hata kama mtoto ni mzima kabisa na anaruka kamba. Hilo la mwisho alilirudia mara tatu akiniangalia machoni. Akatutobolea na chupa tupu ya maji kitakoni, pampu ikaingia hapo na mtoto akavutia kwenye mdomo wa chupa, maana mdogo hawezi kubonyeza na kuvuta kwa pamoja.

Pale nyumbani kwetu Kizwite nilikuwa muuguzi hodari, nijisifu kidogo kabla sijajisema. Blanketi zilianikwa juani kila Jumamosi. Jiko la mkaa lilitoka ndani, hata Julai, tukajifunika masweta mawili mawili. Mimi ni fundi cherehani, na vitambaa vinatoa vumbi, kwa hiyo nikahamisha cherehani na viraka vyote kutoka chumba alichokuwa akilala. Sakafu nilifuta kwa tambara bichi badala ya kufagia. Kila akishavuta ya kahawia nilisimama naye mpaka asukutue mdomo. Ulipita mwaka mzima hatujaiona hospitali.

Ila wageni wa upande wa baba yake wakija, pampu zilitoweka mezani. Sikumwambia mtoto "ficha" hata mara moja. Aliona tu. Siku moja, akiwa na miaka saba, tulisikia sauti ya bibi yake nje akipiga hodi, na kabla sijanyanyuka mtoto alishachukua chupa na pampu zake, akavisukuma chini ya kitanda na kwenda kumpokea bibi mzigo. Mungu anisamehe, nilimwona ana akili. Nilijisikia fahari.

Alipokuwa na miaka tisa tulikwenda kijijini likizo ya mwezi wa sita, siku kumi. Nikiwa nafunga mizigo niliishika ile pampu ya kahawia na chupa yake, nikawaza. Pampu ya bluu inaingia kwenye pindo la kitenge. Chupa haifichiki. Tena mtoto hakuwa amekohoa tangu Pasaka, na siku kumi ni nini? Nikavirudisha kabatini vyote viwili. Mume wangu aliniona, akafunga zipu ya begi.

Siku ya sita tulikuwa wanawake kama wanane uwanjani, majirani wamekuja kusaidia kupura, na watoto wanaokota masuke yanayorukia pembeni. Ilikuwa kama saa nne asubuhi nilipomwona binti yangu ameacha kuinama. Mabega yamepanda, mdomo wazi. Akaniangalia. Tulikuwa na alama yetu: nikikukonyeza, tangulia nyuma ya nyumba, mimi nakuja. Nikamkonyeza. Akaondoka taratibu, bila kumsumbua mtu.

Niliweka fimbo chini nimfuate, na hapo hapo akaingia uani bibi mmoja wa ukoo wao, mtu mzima sana, ambaye mkwe hampiti hivi hivi. Nikapiga magoti. Shikamoo. Marahaba. Akauliza hali yangu, akauliza wazazi wangu, akauliza kushona kunaendaje na huko mjini baridi ikoje, na mimi nikajibu moja baada ya jingine, kwa adabu, huku roho yangu iko nyuma ya nyumba. Ningesema, "Bibi, mwanangu ana pumu, naomba nipite," angenipisha. Angenikimbiza hata. Nilikuwa na pumzi ya kutosha kulisema hilo, mwanangu ndiye asiyekuwa nayo.

Mtoto mmoja akapiga kelele. Mama mkwe alifika kabla yangu. Nilimkuta amekaa chini kwenye majivu, amempakata mjukuu wake, midomo ya mtoto imekuwa ya kijivu na mbavu zinaingia ndani kila anapojaribu kuvuta hewa. "Huyu anatufia," akasema, bila kupandisha sauti. Nikafungua pindo. Na hata hapo, jambo ambalo sijawahi kumwambia mume wangu, niligeuka kwanza nikampa mama mkwe mgongo, ili asione ninachomtia mtoto mdomoni.

Bila chupa, dawa iliishia kwenye ulimi. Tukampandisha bodaboda hadi zahanati, na kutoka pale wakatutafutia gari la kutuleta hospitali mjini. Walimwekea mashine ya mvuke na oksijeni. Kufikia alasiri mbavu zilitulia.

Muuguzi alikuja na faili. Akauliza mtoto ana pumu tangu lini, na dawa yake ya kila siku alivuta lini mara ya mwisho. Mama mkwe alikuwa amekaa miguuni pa kitanda, kilemba chake kimejaa makapi ya ulezi. Kabla sijafungua mdomo, mtoto akaisogeza barakoa ya oksijeni kwa kidole.

"Sina pumu," akasema. Halafu akaniangalia aone kama amepatia.

Nikasema yote, kuanzia mshenga. Niliongea nimeangalia shuka. Nilipomaliza, mama mkwe akasema, "Miaka kumi na mmoja nakupa fimbo kwa mkono wangu mwenyewe." Akainuka, akatoka, na dirishani nikamwona kwenye benchi la nje amejifunika uso kwa khanga. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake miaka yote hiyo. Kwa kilio sikuwa nimejiandaa, na kinaniuma mpaka leo.

Tangu hapo mambo yote kule yamekuwa rahisi, rahisi kiasi cha kunitia aibu. Msimu wa ulezi mimi na binti tunakaa mjini, na mama mkwe ndiye anayepiga simu kuuliza kama mtoto amevuta ya kahawia. Kwa upande wa bibi tulipona.

Sasa binti amemaliza darasa la saba, amechaguliwa sekondari ya bweni. Wiki iliyopita alijaza fomu ya kujiunga mwenyewe, ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Nilipoipitia nikafika kwenye mstari wa magonjwa ya kudumu. Ameandika: Hana.

Nikamwita.

"Mama, nikiandika hapo bweni zima litajua. Nitakuwa yule wa pumu."

"Na ukibanwa?"

"Nitatoka nje nivute."

"Peke yako?"

"Kwani wewe ulikuwa unatoka na nani?"

Hakuwa ananijibu kwa ujeuri. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Nilipiga mstari juu ya neno lake, nikaandika Pumu, na majina ya dawa zote mbili chini yake. Nikamwambia avute pale pale atakapokuwa, darasani, kwenye mstari wa chakula, mbele ya mwalimu yeyote, na ya kahawia aiweke juu ya kitanda chake ambapo kila mtu ataiona. Akasema, "Sawa, mama," upesi, macho yameshaenda kwenye sanduku lake jipya. Namjua mtu anayesema sawa ili aachwe. Hili la kuficha nilimfundisha miaka minne bila kufungua mdomo, akalishika vizuri kuliko somo lolote, na mimi nimebakiwa na wiki tatu za kumfundisha kinyume chake.