Mkwe Wangu Amezikwa na Kosa Langu

Mwenye kosa ni mimi. Si jumbe, si wazungu wa meli, wala si bahari. Ni mimi, na aliyelibeba kosa hilo yuko kaburini tangu mwezi uliopita. Jina langu silitaji. Kijiji nacho sikitaji, maana huko kuna watu nisiostahili hata kuwatazama.

Mimi ni mtu wa Tanga mjini. Kiingereza najua kiasi, na mwaka juzi zilipotia nanga meli mbili za utafiti nikaajiriwa kuwa mkalimani wao. Wakanipa kofia yenye alama ya nanga. Yarabi, kofia ile! Nilizunguka nayo mtaa wa Ngamiani wote, barabara kwa barabara, watu wanione.

Mtaalamu wao alikuwa kijana mpole. Alinieleza kwamba mbali huko, chini ya bahari, kuna milima mikubwa kama ya Usambara, ila vilele vyake havifiki juu ya maji. Walitaka kujua gamba la dunia lina unene gani chini ya milima hiyo. Je, limebonyea kwa uzito wake, au milima ina mizizi iliyozama ndani?

"Kuchimba hatuwezi," aliniambia, "kwa hiyo tunapiga hodi."

Meli moja hushusha baruti majini na kuilipua. Ya pili huzima injini mbali kidogo, ikateremsha vyombo vya kusikilizia. Mshindo hupita ndani ya mwamba, halafu hurudi, na mashine huuchora kwenye karatasi, mistari inayotetemeka. Kwa jinsi ulivyochelewa, wao hujua mwamba wa chini ni wa namna gani.

Kabla ya kwenda huko milimani walitaka kulipua mara chache karibu na pwani, nje ya miamba, wapate kulinganisha gamba la huku na la kule. Hapo ndipo nilipotumwa.

"Nenda vijiji vyote, toka Tongoni mpaka Mkwaja," mtaalamu alisema. "Waambie Alhamisi mtu yeyote asizamie. Aliye juu ya maji hatadhurika. Aliye chini anaweza kufa."

Nikapewa baiskeli. Tongoni nilifika, nikasema. Vijiji vingine vyote, mpaka Mkwaja, nikasema kwa siku kadhaa. Kilichobaki kilikuwa kijiji cha mke wangu, na jumbe wake ni baba mkwe wangu mwenyewe!

Lakini jioni ile mjini kulikuwa na mpira, timu yetu na vijana wa mashamba ya mkonge, na golikipa ni mimi. Nikalitazama jua. Nikajisemea, kesho nitakwenda. Nikageuza baiskeli.

Kesho yake nikazuiliwa bandarini kutwa nzima, nawatafsiria makuli waliokuwa wakipakia. Jioni mtaalamu akaniuliza, "Wote wameambiwa?"

"Wote," nikajibu.

Neno moja tu! Sikusita hata kidogo.

Alhamisi nilikuwa kwenye meli ya kusikiliza. Yule kijana akanivika masikioni chombo chake, akatabasamu. "Sikiliza dunia inavyojibu." Nikausikia mshindo, kisha mngurumo mrefu ukaja kutoka chini kabisa. Nikacheka kwa furaha, wallahi nilicheka.

Na wakati ule ule shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa chini ya maji nje ya mwamba, anaokota majongoo ya bahari. Mwenzake aliyekuwa kwenye mtumbwi alimwona akiibuka, damu zinamtoka masikioni na puani.

Hakufa. Lakini tangu siku ile hasikii kitu, hata adhana. Mwanzo alikuwa akisema kwa sauti kubwa mno, watoto wakawa wanamcheka. Siku hizi hasemi. Kwao wamezoea kuzungumza naye kwa mikono.

Likaitishwa baraza. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alitoka mjini, watu wakajaa. Akaniuliza mbele ya wote kama nilipeleka habari. Niliona jela, niliona kofia yangu ikivuliwa. Nikasema:

"Nilimwambia jumbe mwenyewe, hapo nyumbani kwake, baada ya alasiri. Wallahi."

Baba mkwe aligeuka akanitazama. Hakukasirika, ndugu zangu! Laiti angekasirika!

"Mwanangu," akasema, "uliniambia mimi?"

"Ndiyo, baba."

Alikuwa akitafuta kichwani mwake. Mwisho akasema polepole, "Basi huenda nimesahau. Umri huu."

Siku ile ile akavuliwa cheo chake cha ujumbe. Hayo yalikuwa madogo. Makubwa ni watu. "Mtoto wake wa pekee wa kiume, na hakumwambia!" Walisema hivyo kisimani, walisema hivyo msikitini. Mama mkwe akaacha kumsemesha. Chakula anamwekea, neno hampi.

Mimi nilikuwa nikienda kuwaamkia kama kawaida. Siku moja mzee akaniketisha karibu naye.

"Nisaidie, mwanangu. Kila siku najaribu kuikumbuka siku ile, nashindwa. Ulikuja kwa baiskeli?"

"Ndiyo, baba."

"Nilikukaribisha? Nilikupa kitu?"

Hapo ndipo ningesema! Tulikuwa wawili tu. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ulinipa dafu, baba."

Macho yake yakapata nuru. "Eeh, dafu! Naam, dafu nalikumbuka."

Akalia. Alifurahi kupata walau hilo dafu, na dafu lenyewe halikuwapo!

Mwezi uliopita akashikwa na homa, hakuinuka tena. Siku ya mwisho, adhuhuri imepita, akamwita mwanawe. Akaligusa sikio la kijana, akajigusa kifua, akaunganisha viganja. Shemeji alielewa. Akamshika mikono, akaibusu yote miwili, akaitikia kwa kichwa kwamba amesamehe. Mama mkwe alikuwa mlangoni, akageuza uso ukutani.

Kisha mzee akanitafuta mimi kwa macho.

"Na wewe nisamehe. Siku ile barazani nilikuuliza mbele za watu, kama kwamba wewe mwongo."

Nikasema, "Nimekusamehe, baba."

Mimi! Mimi nimesamehe! Alasiri ilipoadhiniwa alikuwa ameshakata roho.

Baada ya matanga nilimwambia mke wangu. Sikuweza tena, chakula kilikuwa hakipiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkeka aliokuwa akiukunja bado uko mapajani.

"Nipe talaka yangu," akasema. "Mama nitamwambia mimi. Ndugu yangu utamwambia wewe, kwa mikono yako."

Lakini mikono yangu haijui! Muda wote huu nilikuwa nikimkimbia shemeji yangu, akiingia mimi natoka, sikujifunza hata alama moja ya usemi wao. Kusoma naye hajui, tangu utotoni alikuwa mtu wa bahari.

Nimekwenda juzi. Nikamkuta ufukweni anaziba mtumbwi. Nikamwonyesha kofia ya meli, nikajipiga kifua, nikaonyesha mdomo wangu, nikalionyesha kaburi la baba yake. Nikarudia, nikarudia, nalia kama mtoto mchanga. Akanitazama kwa makini sana. Halafu akaacha kazi yake, akanikumbatia, akawa ananipapasa mgongo. Alidhani namlilia marehemu! Alinishika hivyo mpaka niliponyamaza, akaniletea na maji.

Nitarudi tena. Nitamwomba mama mkwe asimame katikati yetu atafsiri, akikubali kuniona. Sijui kama atakubali. Mimi mwenyewe nisingekubali.

Wewe unayesoma, ukitumwa neno kwa watu, lifikishe. Na kama hukulifikisha, useme siku ile ile, ufungwe, upigwe, utemewe mate. Mimi niliogopa kukasirikiwa, nikasema uongo, nikaaminiwa. Kwa jina la Mungu nakuambia, usiombe ukaaminiwa hivyo.