Kovu Mbele ya Mlango wa Zahanati

Dada yangu alikuwa mnene tangu usichana, na nyumbani kwetu Sola hakuna aliyeona hiyo kuwa kasoro. Mama alimsifia mbele ya wageni. Mambo yalibadilika alipohamia Bariadi kuuza vitenge, miaka ile biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa pamba wakajaa mjini na vibanda vya video vikawafuata. Akaanza kujilinganisha na wanawake wembamba wa kwenye video, akalichukia tumbo lake.

Alipokwenda kuomba lipunguzwe kwa upasuaji, daktari wa hospitali ya serikali alimpima uzito na presha. "Mama, kwa hali hii nusu kaputi inaweza kukuua," alimwambia. "Na upasuaji wenyewe si wa lazima. Tutibu presha, upungue mwili taratibu, ndipo tuzungumze."

Mwenye zahanati mpya karibu na stendi hakumpima chochote. "Hao wa serikali wanaogopa kazi," alisema, nami nimekaa palepale. "Nitalitoa hilo tumbo, utavaa gauni la kubana."

Akamkata. Kidonda kikachimbika, kikatoa usaha, homa ikampanda mpaka akawa anaweweseka. Tulipomrudisha, yule bwana alifungua mlango nusu. "Unene wake ndio umeharibu mshono. Mpelekeni Mwanza."

Yaani kosa lilikuwa la mwili wake. Neno hilo nimelibeba hadi leo.

Mwanza walimwokoa. Alirudi amekonda kweli, kovu limemkata kutoka nyonga hadi nyonga, ndoo ya maji haiwezi. Mimi nilitaka kuichoma moto zahanati ile. Nilishatafuta mafuta ya taa. Dada akasema, "Acha. Nibebee kiti."

Asubuhi ya mnada aliketi mbele ya mlango wa zahanati. Kila mwanamke aliyekaribia, dada alimwamkia kwa upole kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," habari za asubuhi, mama, kisha akainua blauzi yake kumwonyesha kovu. Hakutukana mtu. Wanawake walitazama, wakageuka. Mwenye zahanati akatoka, akatusihi tuingie ndani tuzungumze.

"Zungumza hapahapa," dada akasema. "Waambie hawa ulinipima nini kabla ya kunikata."

Akaanza kurudi ndani kinyumenyume, na mimi nikafurahi kuona jasho likimtoka.

Tulirudi kila mnada. Yule bwana alipokosa wateja akahamia Maswa, tulimfuata kwa basi. Alipokimbilia Nyashimo tukamfuata pia, na huko ule mkusanyiko wa watu ukawaleta wakaguzi wa afya. Wakamkuta hana kibali cha kupasua mtu. Wakaifunga zahanati.

Kabla yule bwana hajaondoka sehemu zetu, alikuja dukani kwa dada akiwa amevua kofia. "Mama, nisamehe. Nina watoto wadogo."

Dada hakuinua macho kutoka kwenye kitenge alichokuwa anakunja. "Hata mimi ninao," akasema. "Siwezi kuwabeba."

Yule bwana akageuka kuondoka, kofia mkononi. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Nikamtazama akiambaa na barabara, jua la saa saba likimpiga utosini, nikatamani njia yake iwe ndefu zaidi.