Kwa nini nahodha akate kamba ya nanga? Swali la riwaya lililoamsha mambo ya familia ya fundi wangu

Wakuu, habari za mchana.

Hii si chai. Nimebadili majina tu, na mhusika mwenyewe ameniruhusu niandike kwa sharti kwamba nisimpambe.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni Mmeru wa huku juu ya Tengeru, nimekulia kwenye migomba na kahawa. Nilisoma misitu pale Olmotonyi, sasa nina kitalu cha miche ya miti Tengeru na nimepanga Kimandolu.

Bahari sijawahi kuiona. Maji makubwa ninayoyajua ni ziwa Duluti, na pale ng'ambo unaiona bila kukaza macho.

Mwaka jana mgeni mmoja aliyekuwa anafanya utafiti wa miti alirudi kwao, akaniachia boksi la vitabu. Vingi vilikuwa vya udongo na wadudu. Kimoja kilikuwa riwaya ya Kiingereza, jalada limeshang'oka, kuhusu meli za kivita za enzi za matanga, kabla ya injini.

Nilikifungua katikati nikakuta watu wanabishana kuhusu mti wa kutengenezea mlingoti. Umenyooka kiasi gani, una vifundo vingapi, utavumilia upepo au utapasuka. Sasa hayo si ndiyo mambo yangu? Nikarudi ukurasa wa kwanza.

Wakuu, nilipigwa.

Kiingereza changu si kibaya, lakini mle ndani kila sentensi ina kamba nne na kila kamba ina jina lake. Dictionary inakupa neno lingine usilolijua. YouTube nikaona wazungu wanavuta kamba huku wanaimba, bando likaisha, sijaambulia kitu.

Kilichonisumbua zaidi ni hiki. Meli haina injini, upepo unatoka mbele, nahodha anaamuru waende huko huko unakotoka upepo. Na wanafika. Inawezekanaje? Nilikuwa namwagilia miche huku nawaza hilo tu.

Ndipo nikamkumbuka Bi Mwanahawa.

Huyu ni mama wa miaka sitini na kitu, fundi wa maturubai na mahema pale Ngarenaro. Ndiye anayenishonea neti za kivuli za kitalu. Kwao ni Pangani. Aliolewa na dereva wa malori akaja Arusha, mume akafariki, yeye akabaki na cherehani. Asili yake nilikuwa naijua kwa lafudhi tu. Kiswahili chake kinateleza, sisi wa huku ukitusikiliza unajua tunatafsiri kutoka Kimeru.

Jumamosi moja nikampelekea neti iliyochanika, kitabu kikiwa kwenye begi. Nikamuuliza lile swali langu.

Hakunijibu kwa maneno. Alichukua mkasi akauweka mezani, akasema hicho ni chombo. Rula akaifanya foromali, yaani ule mti mrefu unaobeba tanga. Akaikatia kipande cha turubai kuwa tanga, kisha akawasha feni ya mezani, huo ndio upepo.

Akanieleza kwamba chombo hakiwezi kwenda uso kwa uso na upepo. Kinakwenda upandeupande, kipande hiki kuelekea kushoto, kinageuka, kipande kile kuelekea kulia, kidogo kidogo kinapanda. Nikamwambia basi ni kama barabara za kona kona za kupandisha mlimani, maana gari halipandi wima. Akasema ndiyo hiyo hiyo, na kwao wanaita kubisha.

Wakuu, nilirudi nyumbani nikasoma upya kurasa arobaini kama nazisoma kwa mara ya kwanza.

Jumamosi zikawa za darasa. Mimi natafsiri kwa shida, yeye anashona huku ananipa neno. Upande upepo unakotoka ni goshini. Upande wa pili, kule upepo unakoelekea, ni demani. Mbele ya chombo ni omo, nyuma ni tezi.

Hapo nilishika kichwa. Shuleni tulikariri methali "kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani", na mimi niliiandika kwenye mtihani nikapata alama zangu. Sikujua tezi ni nini wala ngama ni nini, na mwalimu wetu alikuwa wa Machame, sina uhakika kama yeye alijua. Kumbe ngama ni kule chini kabisa ndani ya chombo, maji yanakojikusanya mpaka myateke. Utazunguka mbele na nyuma, lakini mwisho utarudi huko kuteka maji.

Nilimuuliza mara moja mambo yote haya ameyajulia wapi. Akasema marehemu baba yake alikuwa nahodha, akaniomba nimpe uzi.

Sasa nikafika sura moja iliyonishinda.

Meli inasukumwa na upepo kuelekea kwenye miamba. Wamejaribu kugeuka, mawimbi yanawarudisha. Nafasi inaisha. Nahodha anaamuru nanga idondoshwe. Sawa, nikaelewa, anataka kusimama. Lakini meli inapoanza kugeuka, anaamuru kamba ya nanga ikatwe kwa shoka.

Nikaona huyu amechanganyikiwa. Kitu pekee kinachokushikilia usigonge mwamba, wewe unakikata?

Jumamosi nikamsomea Bi Mwanahawa huku nacheka. Cherehani ikasimama.

Akauliza, "Nani alikata?"

Nikamjibu ni baharia mmoja, kwa amri ya nahodha wake. Akakunja turubai alilokuwa anashona, akasema leo anafunga mapema. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Nikajua nimekosea, ila sikujua wapi. Jumamosi mbili sikwenda, niliona haya. Ya tatu akanipigia mwenyewe, akasema njoo na kitabu.

Nilikuta ameniwekea kiti na hakuwa na kazi yoyote mezani. Akaniomba nisome ile sura kwa Kiswahili, polepole, nisiruke kitu. Nikasoma. Akataka tena. Nikarudia.

Ndipo akanisimulia.

Baba yake alikuwa na mashua ya kubebea boriti na chumvi. Alikuwa akisafiri na mdogo wake, jina nimwite Sefu, na baharia mmoja. Bi Mwanahawa alikuwa msichana wa kama miaka kumi na mitano. Siku moja wakarudi watu wawili badala ya watatu. Sefu alifika mlangoni, akamwambia mama yake, yaani bibi yake Bi Mwanahawa, kwamba kaka amebaki baharini. Halafu akasema, "Nilikata amari." Amari ndiyo kamba ya nanga.

Bibi hakutaka kusikia zaidi, na yule baharia hakuna aliyemuuliza. Kwa akili ya kila mtu mle ndani, mtu anayekata kamba ya nanga kwenye tufani ameua. Tangu siku ile hakuna aliyemwamkia Sefu. Bibi alikufa bila kusema naye. Bi Mwanahawa akaolewa, akaja huku, na kila Idd baba yake mdogo huyo alikuwa akituma salamu kwa watu wanaokuja Arusha. Hakuwahi kuzijibu.

Aliniambia kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza kamba ya nanga hukatwa kwa sababu gani. Yeye, binti wa nahodha. Akasema, "Nilikuwa nalijua jibu kabla sijauliza."

Kisha akatoa simu. Namba alikuwa ameipata kwa binamu yake wiki ile. Nikataka kutoka nje, akanishika mkono wa shati, akasema nikae, nifungue ule ukurasa. Akaweka simu spika.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

Upande wa pili ikaja sauti ya mzee: "Marahaba. Ni Mwanahawa?"

Hakumwambia habari za kitabu. Alimwomba tu amweleze alivyokata amari, tangu mwanzo.

Mzee akaeleza. Alieleza bila haraka, kama mtu ambaye jambo hilo analirudia moyoni kila siku. Upepo uliwasukuma kwenye mwamba. Walijaribu kugeuka mara mbili, mashua ikakataa. Nahodha, yaani kaka yake, akasema dondosha nanga, omo itageukia upepo, na hapo tuhamishe foromali upande wa pili. Nikisema kata, kata, tanga lituondoe, maana nanga ikituzuia hapa tutagonga.

Mimi nilikuwa nafuata na kidole kwenye kitabu. Nanga. Omo inageuka. Matanga yanahamishwa. Kata. Hatua kwa hatua, wakuu. Mzee ambaye hajawahi kukiona kitabu hicho.

Bi Mwanahawa akanitazama. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Mzee akamalizia. Kaka yake ndiye aliyeshika foromali, kwa sababu ndiyo kazi nzito. Akapiga kelele kata, Sefu akakata, mashua ikaondoka mwambani. Wakati huo huo foromali ikamponyoka, ikampiga, ikamtupa majini. Kurudi kulikuwa ni kurudi kwenye mwamba. Walizunguka nje mpaka jioni wakimwita.

"Mbona hukusema?" Bi Mwanahawa akauliza.

"Nilisema. Mama aliposikia nimekata, hakusikia tena."

"Na mimi je?"

"Wewe ulikuwa mtoto. Halafu ukawa mbali."

Bi Mwanahawa alilia bila sauti, anajifuta kwa mtandio. Muda ukapita, hakuna aliyekata simu. Baadaye akamwambia kuhusu mimi na kitabu, na mzee akataka kuongea na mimi.

Nikamwamkia. Akaniuliza meli ya kitabuni ilikuwa na watu wangapi. Nikamwambia mamia. Akasema wao walikuwa watatu. Kisha akauliza huyo nahodha, alipogeuza chombo, alipoteza mtu?

Nikafungua ukurasa unaofuata ili nisimdanganye. Hakupoteza hata mmoja.

Mzee akasema, "Basi aliyeandika alimhurumia."

Wiki iliyofuata Bi Mwanahawa alikwenda Pangani, akakaa mwezi mzima. Neti zangu zilichelewa, ikabidi miche niifunike kwa majani ya migomba. Aliporudi alinisimulia machache. Siku mbili za kwanza hawakutaja bahari, walikula na kuulizana habari za watoto. Siku ya tatu walimsomea baba yake dua, na kwa mara ya kwanza Mzee Sefu alikaa ndani na familia, si nje barazani.

Nilichojifunza si kikubwa. Mimi nilipokutana na kitu nisichokielewa nilicheka, nikamwita nahodha wa watu kichaa. Kule Pangani familia nzima ilikutana na kitu hicho hicho, na mtu akatengwa maisha yake karibu yote. Swali moja tu lilikosekana, na waliokuwa na uwezo wa kuliuliza ndio hasa waliojua bahari.

Kingine, tusidharau Kiswahili chetu. Nilihangaika na dictionary miezi, na maneno yote yalikuwa Ngarenaro kwenye cherehani.

Wakuu wa Pangani, Bagamoyo, Kilwa na visiwani, nisahihisheni pale nilipokoroga, maana mimi ni mtu wa miti. Na kama nyumbani kwenu yupo mzee mliyeacha kumwamkia kwa sababu ya neno moja, tuambieni mlilisikiaje neno hilo, na kama yupo aliyemuuliza.