Kula ni Lazima

Sisi tuliokulia bonde la Lambwe enzi za mitego ya mbung'o hatukuwa na haya ya kuota mambo makubwa. Nadhani ni kwa sababu hatukujua lolote. Mtoto wa siku hizi akitaka kuwa bingwa wa chesi anafungua simu, anaona watoto kibao wa umri wake wanaomzidi, anaizima na kwenda zake. Mimi sikujua mtoto mwingine yeyote duniani anayecheza, ila kaka yangu Ouma, na Ouma nilikuwa nikimfunga huku napepeta maharagwe. Kwa hesabu yangu, ubingwa wa dunia ulikuwa umebaki kidogo tu.

Baba alikuwa na kazi ya kutega mbung'o. Alishona vitambaa vya buluu na vyeusi, kisha akavining'iniza vichakani upande wa mbuga ya Ruma ili wale wadudu wavifuate wanaswe. Afisa mmoja aliyehamishwa alimwachia sanduku la kete za chesi bila ubao, pamoja na somo la jioni moja. Ubao Baba aliushona mwenyewe kwa masalio ya mitego, buluu na nyeusi, na wingu likipita tu huwezi kujua askofu wako amesimama wapi. Mnara mmoja ulikuwa umepotea, tukasimamisha betri kuukuu ya redio mahali pake. Ilikuwa ikivuja kidogo, lakini ilifanya kazi ya mnara vizuri kabisa.

Sasa, somo la jioni moja lina mipaka yake. Baba alikumbuka namna kila kete inavyotembea. Yaliyobaki aliyajaza kutoka drafti, ule mchezo wa vizibo vya soda uliochezwa kinuni na watu waliokuwa wakingoja unga wao. Kwenye drafti ya kwetu, kama kuna kete ya kuliwa huna hiari: unakula. Ukikataa, mwenzako anaiondoa ile kete yako iliyokataa kula, na hakuna wa kumlalamikia.

"Nyathina," Baba aliniambia, maana yake mwanangu, "hapa hakuna kuchagua. Kula ni lazima."

Alisema kwa uhakika uleule aliotumia kueleza kila kitu, kuanzia mvua hadi siasa za Nairobi. Nami nilimwamini, kwa nini nisimwamini? Nikawa fundi wa kulisha watu kwa nguvu. Nilikuwekea farasi mbele ya malkia wako, ukala kwa sababu ni lazima, nikakuwekea askari, ukala tena, na hatua ya tatu malkia wako yuko kona ya mbali kama mgeni aliyepotea njia, mfalme wako hana mtu. Nilimfunga Ouma, nikamfunga katekista, nikamfunga hadi mwenye kinu. Hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Nilikuwa darasa la sita. Nyuma ya daftari la hesabu niliandika malengo yangu kwa kalamu nyekundu niliyoichukua kwa mwalimu bila kumwambia. Kwanza, kumfunga Baba kabla ya Pasaka. Pili, kuwa bingwa wa Homa Bay. Tatu, bingwa wa Kenya kabla sijaingia kidato cha kwanza. Nne, bingwa wa dunia, na hapo nikaongeza "shule zikifungwa", kwa kuwa sikutaka kukosa masomo. Mama alipoliona lile daftari alilisoma lote, akanirudishia, akasema, "Ni vizuri. Na sufuria zimeoshwa?"

Pasaka haijafika nikamfunga Baba. Alishangilia kuliko mimi. Alienda kinuni akawaambia watu kwamba mtoto amemshinda mwalimu wake, na neno hilo "mwalimu" alilivuta mpaka kila mtu akalisikia. Basi nikaona lengo la kwanza limeisha, la pili linaningoja. Jumapili wakati wa shuhuda nikasimama kanisani, nikatangaza malengo yote manne kwa mpangilio. Mchungaji hakuwahi kuona chesi maishani mwake, lakini aliniombea kwa sauti kuu, akamsihi Mungu awaangushe wafalme wote wa maadui zangu. Kanisa zima likasema amina. Nikikumbuka ile amina mpaka leo masikio yananiwaka.

Mashindano yalifanyika kwenye ukumbi wa shule moja mjini Homa Bay, na yaliita watoto hadi wa upande wa Migori. Baba aliomba ruhusa kazini. Alivaa koti lake la harusi, akanifuata, na wazazi walipozuiwa kuingia akasimama dirishani, akaegemeza viwiko kama mtu anayeangalia ng'ombe wake mwenyewe wakinywa maji.

Nilipangiwa msichana kutoka Kehancha aliyeitwa Boke. Alikuwa mdogo kwangu kwa kimo, kichwa kimenyolewa vizuri, miguu haigusi sakafu. Nilimhurumia. Nikaanza kazi yangu ya kumlisha. Nikamwekea farasi mbele ya malkia wake, nikakaa nikimngojea ale. Boke akamwangalia yule farasi. Akaangalia ubao wote. Kisha akasogeza askofu wake upande mwingine kabisa, akanitazama.

Nilidhani hajaona. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema, "Nimeona."

Basi nikafanya alichonifunza Baba. Nikanyoosha mkono, nikamwondoa malkia wake ubaoni, nikamweka kando yangu.

Boke alipiga ukelele uliosimamisha ukumbi mzima. Msimamizi, mwalimu mrefu mwenye miwani, akaja mbio. Nikainua mkono kwa adabu, nikasema kwa sauti ili haki isikike, "Mwalimu, huyu amekataa kula!"

"Amekataa kula nini?"

"Farasi wangu. Na kula ni lazima."

Watoto wa meza za jirani waliacha michezo yao. Mwalimu akamrudisha malkia ubaoni polepole, akanigeukia. "Wee msichana, hii si drafti. Kwa chesi ukitaka unakula, ukitaka unaacha. Si lazima. Kwani ni nani alikufunza?"

Sikugeuza kichwa, lakini nilijua Baba yuko dirishani, na dirisha lilikuwa wazi. Nilijua pia kwamba kinu kizima kinamwita mwalimu tangu Pasaka. Ndoto zangu zote nne zilikuwa zimekufa palepale na, niseme kweli, sikuwa nikizifikiria. Nilikuwa nikifikiria lile koti.

"Nilijifunza mwenyewe," nikasema.

Ukumbi ukacheka. Boke akanifunga baada ya hatua tano. Mechi zilizofuata nilijua kwamba si lazima, lakini mkono ulishazoea, ukawa unakula kila kilicholetwa mbele yake, mitego yote, kama mbung'o wa Ruma. Nilishindwa mechi zote za siku ile.

Baba alininunulia mandazi mawili, akasema safari ni ndefu, tule. Jumapili alisimama kanisani akashukuru kwamba mtoto amefika Homa Bay na kurudi salama, nao wakapiga makofi kana kwamba nimeshinda. Sikuwahi kumwambia kuhusu ile sheria. Kwa miaka yote hii, nikienda nyumbani, tumecheza chesi yake ya kula kwa lazima, na mimi nimekula.

Siku hizi naishi Migori, nashona nguo karibu na soko, na nimeanza tena kujiwekea malengo, safari hii kwenye simu. Kupanda alama mia mbili kabla ya Desemba. Kutatua mafumbo kumi kila siku. Jumamosi nakwenda kucheza na watoto wa mjini, wenye saa za chesi, makocha, na chupa za maji zenye majina yao. Juzi mmoja wa miaka tisa alinifunga huku akila krispi, akanipa mkono, akasema, "Auntie, si ati ni mbaya, umetry." Wanajua kila kitu, watoto hawa. Hakuna hata mmoja angeondoa malkia wa mwenzake mbele ya watu, na hakuna hata mmoja ameombewa na kanisa zima.

Krismasi iliyopita nilikuwa Lambwe. Baba amezeeka, mikono inamtetemeka, lakini ubao ni uleule wa buluu na nyeusi, na betri bado imesimama konani. Kwa mazoea nikamwekea farasi mbele ya malkia wake.

Baba akamwangalia yule farasi. Kisha akasogeza askofu upande mwingine kabisa.

"Baba, hujala," nikasema.

"Si lazima," akasema, bila kuinua macho. "Siku ile ya Homa Bay dirisha lilikuwa wazi, nyathina."