Turubai Langu Siku ya Mahari

Mchanga kwenye dagaa siuvumilii, na sitauvumilia. Pale mwaloni Katonga, mitumbwi inaposhusha samaki, wanawake wengi walikuwa wakianika dagaa mchangani, na kinara wao alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Mimi nilikuwa na turubai la bluu. "Wifi," nilikuwa namtania, "wateja wako bado wana meno?" Naye ananijibu kwamba turubai langu linanyonyoka kama kuku mgonjwa.

Ni kweli lilikuwa linanyonyoka. Jua lilikuwa limelichakaza, nikilikung'uta vinapeperuka vijipande mpaka majini. Nikasema, viende, ziwa kubwa hili. Na kufagilia nilikuwa na ufagio wangu mwenyewe wa kamba ya nailoni iliyofumuka. Usafi, bwana!

Basi binti yangu akapata mchumba kutoka mtaa wa Gungu. Kijana mzuri, na binti anampenda mpaka anasahau chumvi kwenye mboga. Tatizo baba wa kijana: bwana samaki mstaafu, aliyekagua dagaa maisha yake yote, na mzigo akiukataa haombwi. "Mama," binti akaniambia, "huyu mzee akinuna, sina ndoa. Nakuomba." Nikamwambia tulia, nitampikia dagaa ambao hajawahi kuwaona.

Na kweli hakuwahi.

Siku ya kupanga mahari nilikaa nyuma ya pazia, maana mama wa binti hajitokezitokezi mbele ya wakwe. Mume wangu alikuwa sebuleni na wageni. Wifi akapeleka ugali wa muhogo na dagaa wa mawese. Nikachungulia. Mzee amekula vizuri, ameanza kuzungumza habari za mahari, na kwenye sharubu zake nyeupe unaning'inia uzi wa bluu. Akisema, unacheza. Akinyamaza, unatulia.

Mama weee! Nani amwambie? Mkwe haambiwi ana uchafu mdomoni. Mume wangu anatazama dari, wageni wanatazama sahani. Binti kanishika kanga kwa nyuma: "Mama, fanya kitu!" Wifi akarudi jikoni kajiziba mdomo kwa kicheko. "Wifi," akaninong'oneza, "dagaa wako wameota ndevu." Nilitamani ardhi inimeze, ila immeze yeye kwanza.

Mzee mwenyewe akaugusa. Akautoa, akauangalia kwenye mwanga wa dirisha. Halafu akaanza kufukua sahani taratibu, kama yuko kazini. Uzi wa pili. Wa tatu. Vipande vidogo kama pumba. Vyote akavipanga ukingoni mwa sahani.

"Hawa wameanikwa kwenye turubai, wakafagiwa kwa ufagio wa nailoni," akasema. "Kaanika nani?"

Mume wangu, niliyemzalia watoto watano, akanyoosha kidole kwenye pazia.

Nikatoka, kanga imenifunika mpaka puani. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mkwe. Hizi nyuzi kubwa nimezitoa. Zile ndogo zisizoonekana nimeshazimeza. Nyingine ziko ziwani, dagaa wanadhani ni chakula. Tukiwavua, tunazila tena. Turubai likishachakaa hivyo haliozi, linagawanyika tu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee." Ningeishia hapo. Lakini mdomo huu! "Ila mchanga, mzee, hujaukuta hata punje."

Akanitazama sana. Nyuma ya pazia nikasikia binti yangu anaanza kulia, na mimi nikajichukia kweli.

"Mchanga sijaukuta," mzee akakubali. Akamgeukia mume wangu. "Tumefika wapi? Mkaja wa mama?"

Mkaja ni zawadi ya mama kwa kumlea binti. Mimi nilishaitangazia Katonga nzima kwamba wangu utakuwa vitenge vya Kongo, doti sita.

"Vitenge hapana," mzee akasema. "Tutaleta wavu wa chuma wenye matundu madogo na mbao za kujengea chanja. Aanike juu, mchanga usimfikie. Turubai na huo ufagio wake tunaondoka navyo leo, visiguse maji tena."

"Na mimi, baba?" Binti yangu huyo, katoka nyuma ya pazia bila haya, machozi mpaka kidevuni. "Mimi mnanichukua?"

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza. "Wewe ndiye tuliyekufuata, mwanangu. Turubai ni la njiani tu."

Mahari ikaja. Kina mama wenzangu wamefunguliwa vitenge siku zao. Mimi nilifunguliwa bunda la waya mbele ya Katonga nzima, wifi akiwa kaketi mstari wa mbele. Nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na hadi leo sijui ni furaha iliyokuwa inapiga au ni hasira.