Koti la Byabato Ukutani

Nathanieli alirudi Bukoba mwaka 1992 akiwa na ndevu, miwani na neno "shirikishi", akalitumia mpaka likachakaa. Alizaliwa Kaagya kama sisi na kukuzwa kwa ndizi kama sisi, lakini miaka minane ya kusomea sanaa Ulaya ilimfundisha kututazama wajane kama mnunuzi anayechambua kahawa. Alitukusanya kumi na tisa katika ukumbi wa parokia, akasema tutashona kitambaa kimoja kikubwa cha kumbukumbu, na kila mmoja alete vazi la marehemu wake. Huzuni yetu, alisema, ni malighafi. Mimi Klaudia nilimdharau palepale, kisha nikaenda nyumbani kutafuta shati la mume wangu. Soda ilikuwepo, na maandazi.

Jirani yangu Jovita alileta koti. Huyu Jovita ni msuka mikeka, mwanamke wa maneno machache, na hayo machache huyatoa kama anatoa jino. Koti lilikuwa la mumewe, Byabato. Mwaka 1978, mabomu yalipoanza kuanguka Bukoba, mwenye duka la nguo aliyeitwa Mulji alifunga milango akimbilie Mwanza. Byabato alimbebea masanduku mpaka bandarini, na Mulji akamvisha koti la sufu la kijivu kwa shukrani. Tangu hapo alilivaa kila Jumapili kanisani, jua liwake lisiwake, akitoka jasho kwa heshima zote.

Kisha ukaja UKIMWI, ule ugonjwa tulioupa jina la kitambaa cha mtindo, Juliana, kana kwamba mtu aliununua dukani. Byabato alilala miezi saba. Jovita alimwosha, akamlisha, akamgeuza. Rugaibula, mdogo wake Byabato, alifika mara tatu. Alisimama kwenye migomba ya mpakani, akauliza hali kwa kupaza sauti, akaondoka. Nyasi za mlangoni hakuzikanyaga hata siku moja. Lakini tulipomzika kaka yake alikanyaga kibanja chote, shamba lile la migomba na nyumba yake, akikipima kwa macho.

Kwetu mrithi hapewi kibanja kwa karatasi. Siku wazee wa ukoo wanapokaa, huvishwa vazi la baba yake, hukalishwa kwenye kigoda chake, hukabidhiwa na muhoro wake, kile kisu kilichopinda cha kukatia migomba. Walikuwa wamesubiri Buberwa, mtoto wa Jovita, atimize miaka kumi na minane. Vazi lisingekuwepo, Rugaibula angepata la kusema, na alikuwa akilitafuta.

Mtauliza, basi Jovita alilitoaje koti? Alilitoa kama tunavyotoa viti vikienda harusini. Vinakwenda, vinakaliwa, kesho yake vinarudi na asante. Nani kwetu angefikiri kwamba kiti kilichoazimwa kinaweza kupelekwa Denmaki?

Na aliyelishona koti lile kwenye kitambaa ni mimi. Nathanieli aliusifu mkono wangu, nami nikisifiwa hulainika upesi, kwa hiyo nilitumia uzi mara mbili. Nililiweka katikati ya kitambaa, mikono imetandazwa, na kando ya mkono wa kulia nikashona kipande cha shati la bluu la Karugendo wangu.

Wiki ya maonyesho ndipo Nathanieli alipotutangazia, kwa furaha, kwamba baada ya Bukoba kitambaa kitasafiri. Jovita alimwendea kwa adabu, akamweleza kwamba wazee wanakaa Jumamosi.

"Mama, kazi ya sanaa haivunjwi," Nathanieli akamjibu. "Koti hili si lako tena. Ni letu sote."

Alhamisi ukumbi mmoja wa mjini ulijaa wageni wenye vibandiko vya majina kifuani. Nathanieli alihutubia kuhusu upotevu, yeye ambaye hakuwahi kupoteza kitu zaidi ya mwavuli. Jovita aliingia na kapu. Akapanda juu ya kiti, akatoa muhoro wa Byabato, akaanza kukata. Mimi nilikwenda nikakishika kitambaa kisichanike ovyo, na hilo ndilo jambo pekee la maana nililolifanya mwaka ule. Wageni walidhani ni sehemu ya onyesho, wakapiga makofi. Mama mmoja alifuta machozi. Nathanieli alipoona wanapiga makofi, naye akapiga. Nasikia huko Ulaya kilichosifiwa kuliko vyote ni lile tundu lililoachwa na koti, na kwamba Nathanieli alilipatia jina.

Jumamosi wazee walikaa. Rugaibula alilipokea koti, akalipekua mpaka akaona kipande cha bluu kinaning'inia kwenye mkono wa kulia. Uzi wangu ulikuwa umekataa kuachia, na Jovita kwa haraka yake alikuwa amekata kwa nje ya mshono.

"Koti hili lina matambara ya watu wasio wa ukoo," akasema. "Halifai kuvishwa mrithi."

Mzee wa ukoo alimtazama Jovita. Jovita alikuwa amepiga magoti, akamgeukia Rugaibula kwa neno letu la heshima, na hakuinua sauti.

"Waitu, hilo tambara ni la Karugendo, mume wa Klaudia. Kaka yako alipokuwa kitandani, Karugendo alikuja kila siku kunisaidia kumgeuza. Wewe ulikuwa unatusalimia kutoka kwenye migomba."

Mzee alisema tambara linaweza kukatwa, muhoro si uko hapo? Jovita akasema libaki. Mzee akafikiri, kisha akamvisha Buberwa koti kama lilivyo, na Rugaibula akatazama chini.

Mimi nililia, na sikuona haya. Karugendo wangu alikwenda kuvua samaki kisiwani Goziba, akafia huko, wakamfukia mchangani wavuvi wasiojua hata ukoo wake. Hana kaburi kwenye kibanja chochote. Siku ile Buberwa aliinuka na koti lake akazunguka migomba yote ya baba yake, mpaka hadi mpaka, na mume wangu akaenda naye.