Punje Hupasuliwa, Bastola Huaminiwa

Sijaelewa mpaka leo kwa nini mnunuzi wa kakao asiyeamini gunia lolote mpaka apasue punje aone ndani, aliamini bastola yake bila kuifungua.

Nilikuwa dukani kwake Mbugani. Aliiweka mezani, mdomo ukimwelekea mama mkulima wa Ngonga aliyekalia gunia lake akisubiri mizani.

“Bosi, hicho kitu kinanitazama.”

Mnunuzi alitabasamu, akachomoa magazini, kile kikasha cha risasi, akakipunga hewani. “Risasi zote hizi hapa, mama. Itakupiga na nini?” Akafyatua ili tuone.

Ikalia. Risasi iliyokuwa imebaki kwenye chemba, ndani ya bastola yenyewe, ilizama ndani ya gunia, kiganja kimoja kutoka pajani kwa mama.

Mama alishuka taratibu, akalitazama tundu. “Kakao yangu umepasua punje kumi. Hicho chuma umepasua mara ngapi?”

Wakulima waliamua hapo hapo: hapimi mtu mpaka bastola ielekezwe kwenye lundo la mchanga nje, ifunguliwe, chemba ikaguliwe, kisha ifungiwe kabatini. Mnunuzi hufungua. Anayechungulia ni mama yule.

“Ndaga,” mama humshukuru mnunuzi. “Sasa pasua zangu.”